Jinsi ya kumfikisha mteja wa teknolojia kwenye habari bila kulipia: mwongozo kutoka Mbeya

Kila Nanenane ikikaribia napigiwa simu zenye maswali yaleyale. Kijana amemaliza chuo, amepata kazi ya uhusiano wa umma kwenye kampuni changa ya teknolojia huku Uyole au kule Kihesa, Iringa, na bosi wake anataka "tutoke gazetini". Anauliza: nimtafute nani? Niandike nini? Nilipe shilingi ngapi? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Naanza na la shilingi ngapi. Ukilipa, hilo ni tangazo. Tangazo ni biashara halali, na kila chombo cha habari kina idara yake ya matangazo, nenda huko na bajeti yako. Hapa nazungumzia habari ambayo mhariri anaitoa kwa sababu msomaji wake anaihitaji. Habari ya namna hiyo inapatikana hata kwa kampuni ya watu wanne isiyojulikana nje ya Mbeya. Inataka wiki tatu hadi tano za kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaifanya kabla hujampigia mwandishi yeyote.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga toka mwanzo hadi mwisho: vijana wa Uyole wametengeneza kipima unyevu wa mahindi kinachosoma punje na kutuma jibu kwenye simu ya mkulima. Wewe weka kifaa au programu ya mteja wako hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watumiaji watatu wa kweli, ambao si ndugu wa mwanzilishi, waliokitumia kifaa kwa fedha au jasho lao na wako tayari kuongea.
- Namba zinazoweza kuthibitishwa kwa daftari au mfumo wa mteja: vifaa vingapi vimeuzwa, kwa bei gani, katika wilaya zipi. Kama vimeuzwa 37, andika 37.
- Msemaji mmoja anayepokea simu.
- Picha tano hadi nane za kazi halisi, ukubwa wake wa asili. Picha iliyopita WhatsApp mara tatu haifai gazetini.
- Karatasi za mteja: usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na leseni kama biashara inaihitaji. Mteja anayekopesha watu kupitia simu bila kibali cha Benki Kuu asipelekwe kwa mwandishi. Swali la kwanza litakuwa hilo, na habari itakayotoka haitakuwa uliyoitaka.
- Kifaa chenyewe, kinachofanya kazi mbele ya mtu asiyekifahamu. Kijaribu kwa mama muuza chakula aliye karibu na ofisi yenu. Asipoelewa kwa dakika mbili, rudi kwa mafundi kwanza.

Hatua ya 1: Mtafute mkulima kabla ya kumtafuta mwandishi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naipa uzito kuliko zote. Mwanzilishi wa kampuni atakueleza saketi, betri na jinsi data inavyosafiri. Msikilize, andika, halafu panda gari uende Mbozi.

Kaa na mtumiaji kwenye kihenge au uwanja wa kuanikia. Muulize alikuwa anafanyaje kabla ya kifaa hiki. Atakwambia alikuwa anang'ata punje kwa meno asikie inavyolia. Mwingine atakwambia huchukua chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa; chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado. Hayo hayamo kwenye karatasi yoyote ya mteja, na hayo ndiyo mwandishi atakayoyaandika katika aya ya pili.

Kisha muulize kosa lilimgharimu nini. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo yanashika ukungu ghalani, hatari ya sumukuvu inakuja, na kwenye kituo cha kununulia mkulima anaambiwa arudi akaanike. Gari ameshalikodi, vibarua wa kupakia ameshawalipa. Andika kila shilingi aliyoitaja, na umuulize kama unaweza kuitaja hadharani.

Omba ridhaa yake kwa maneno anayoyaelewa: jina lako na picha yako vitatoka gazetini, au sauti yako itasikika redioni, unakubali? Namba yake ya simu usimpe mwandishi kabla hajakubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na hata kama isingekuwepo, mtu aliyekukaribisha kwake anastahili kuulizwa.

Hatua ya 2: Pata engo

Engo ni ule upande wa jambo unaomfanya msomaji aache anachofanya. "Kampuni imezindua programu" haina engo. Nenda na swali hili: nani anapoteza nini msimu huu, na nini kimebadilika? Kwenye mfano wetu: wakulima wanarudishwa na mahindi mabichi, na sasa baadhi yao wanapima nyumbani kabla ya kupakia. Teknolojia inaingia kama sababu ya mabadiliko, katika sentensi ya pili au ya tatu.

Mteja atalalamika kwamba jina lake limechelewa kutajwa. Mweleze kwamba jina lililo aya ya tatu ya habari iliyotoka linasomwa, na lililo kwenye kichwa cha taarifa iliyotupwa halisomwi na mtu.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya waandishi, si ya vyombo

Barua pepe ya jumla ya gazeti ni bahari. Unachohitaji ni majina 10 hadi 15. Anza na walio mkoani: waandishi wa Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, na wawakilishi wa televisheni kama ITV, TBC na Azam. Klabu za waandishi, Mbeya Press Club na Iringa Press Club, ziko wazi. Nenda ujitambulishe siku ambayo huna cha kuomba. Wengi utakaowakuta ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka. Ukimpotezea mwandishi huyo siku nzima kwa habari ambayo mhariri wa Dar es Salaam ataikataa, umemnyima kipato cha siku hiyo. Hilo likae kichwani kila unapotaka kuandika "karibuni nyote".

Redio zisiwe nafasi ya pili. Bomba FM hapa Mbeya, Ebony FM Iringa, Kings FM Njombe, Kitulo FM Makete: mkulima anazisikiliza akiwa shambani, na mtangazaji wake anamjua kwa sauti. Kwa mteja anayeuza kwa wakulima, dakika 15 za kipindi cha asubuhi zinaweza kuleta simu nyingi kuliko nusu ukurasa wa gazeti la kitaifa. Gazeti la Kiingereza kama The Citizen litafute pale mteja anapotaka kuonwa na wawekezaji na wafadhili.

Kwa kila jina andika habari tatu za mwisho alizoziandika. Kama hujazisoma, hujawa tayari kumpigia.

Hatua ya 4: Chagua siku

Nyanda za Juu Kusini mvua zinaanza kati ya Novemba na Desemba, mavuno ya mahindi ni Mei hadi Julai, kisha ununuzi unapamba moto. Habari ya kipima unyevu mwezi Januari haina mlango. Juni na Julai inao.

Nanenane yenyewe, tarehe 1 hadi 8 Agosti, ni mtego. Viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale vinajaa taasisi za serikali, benki, kampuni za mbegu na viongozi, hasa inapofanyika kitaifa hapa kama ilivyokuwa 2022 na 2023. Kampuni changa humezwa. Mimi humpeleka mteja kwenye habari wiki moja au mbili kabla, wakati waandishi wanatafuta habari za kilimo na uwanja bado hauna kelele. Akifika bandani kwake Agosti, watu wanakuja wakisema "ni ile mliyoitangaza redioni".

Kuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Mteja akishiriki, hiyo ni sababu halali ya kuandikwa mkoani kwake.

Hatua ya 5: Andika taarifa kwa vyombo vya habari

Ukurasa mmoja, Kiswahili kwa vyombo vya Kiswahili, Kiingereza kwa vya Kiingereza. Usitumie tafsiri ya mashine kutoka kwenye tovuti ya mteja.

Kichwa kisichofaa: *Kampuni yazindua suluhisho bunifu la kidijitali katika mnyororo wa thamani wa mahindi.*

Kinachofaa: *Wakulima Mbozi waanza kupima unyevu wa mahindi nyumbani kabla ya kupakia.*

Aya ya kwanza ijibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini, kwa maneno yasiyozidi 40. Aya ya pili ni mkulima na chupa yake ya chumvi. Ya tatu ni kifaa, bei yake na jina la kampuni. Ya nne ni kauli ya mwanzilishi, iwe sentensi ambayo mtu anaweza kuisema kwa mdomo. Ya tano ni namba, na kasoro ambayo mteja anaikubali, kwa mfano kwamba kifaa bado hakisomi maharage. Wateja huogopa aya hiyo. Mimi sijawahi kuona habari ikikataliwa kwa sababu ya kasoro iliyotajwa. Nimeona nyingi zikikataliwa kwa kunusa kama tangazo.

Chini weka jina la msemaji, simu na saa anazopatikana. Tuma maandishi ndani ya barua pepe yenyewe au kwenye faili inayonakilika. Usitume karatasi iliyopigwa mhuri na kuskaniwa, maana mwandishi hawezi kunakili hata neno.

Hatua ya 6: Tuma ujumbe, kisha piga simu

Ujumbe mmoja kwa mtu mmoja. Huu ni wa mwandishi wa gazeti:

*"Habari za asubuhi, dada. Nashughulikia uhusiano wa kampuni ya vijana wa Uyole wanaotengeneza kipima unyevu wa mahindi. Nilisoma habari yako ya wakulima waliorudishwa kituoni. Kuna mama huku Mbozi alirudishwa mara mbili mwaka jana na magunia 40. Mwaka huu amepima nyumbani kabla ya kupakia, na amekubali kuongea na kupigwa picha. Alhamisi asubuhi anapakia mzigo. Nikupigie saa ngapi tuzungumze?"*

Piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Jioni mwandishi yuko mbioni kuwahisha habari za kesho, na simu yako itakuwa kero. Akikataa, muulize nini kimekosekana, mshukuru, uache. Kumpigia mara mbili kunatosha. Usipande kwa mhariri wake kumshtaki.

Ukitaka habari itoke siku moja kwa wote, kuna njia ya zuio: unawapa waandishi wachache taarifa mapema kwa makubaliano kwamba haitoki kabla ya saa fulani. Wenzetu wa Marekani wameizoea. Apple ilipozindua Macintosh Januari 1984, waandishi waliochaguliwa walikuwa wameshaonyeshwa kompyuta hiyo wiki nyingi kabla, kazi iliyoratibiwa pamoja na kampuni ya uhusiano ya Regis McKenna. Hapa kwetu tumia zuio kwa waandishi unaowafahamu tu, na wakubali *kabla* hujatuma. Kuandika "isitoke kabla ya Jumatatu" juu ya taarifa uliyoitupa kwenye kundi la WhatsApp la watu 80 hakumfungi mtu.

Hatua ya 7: Wapeleke shambani

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandalia mteja uzinduzi katika ukumbi wa hoteli hapa jijini. Waandishi 14 walikuja. Mgeni rasmi, kiongozi wa serikali, alisoma nusu ya hotuba niliyomwandalia, akaiweka mezani, akaanza kuwaagiza watendaji kuhusu taka za sokoni. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli na lilihitaji kusemwa. Kesho yake habari zote zilikuwa za taka. Mteja alitajwa mara moja, pale palipoandikwa "akizungumza katika uzinduzi wa". Mteja aliniuliza fedha yake imefanya nini, nami sikuwa na jibu la kumpa. Nililala vibaya wiki ile.

Tangu hapo, habari ya kwanza ya mteja naifanyia kwa mtumiaji wake. Waandishi watatu au wanne, gari moja, asubuhi moja. Kama mteja anataka mgeni rasmi, hafla ifanyike baadaye, habari ikiwa imeshatoka.

Taratibu za kuzingatia:

1. Piga hodi kwa mtendaji wa kijiji siku mbili kabla, na umjulishe afisa ugani. Kamera zikiingia kijijini bila taarifa, kazi inaweza kusimama njiani.
2. Ofisi ya mkuu wa wilaya ipate nakala ya taarifa. Hiyo ni heshima, na mwandishi anaweza kuhitaji kauli yao.
3. Julai asubuhi kuna ukungu na baridi kali. Panga picha kuanzia saa tatu, jua likishatoka.
4. Acha mkulima apime mwenyewe. Fundi wa kampuni akishika kifaa, picha inakuwa ya kampuni.
5. Mpe mwandishi wa redio mahali patulivu pa kurekodi, mbali na mashine ya kupukuchulia. Lakini mlio wa punje zikimwagwa aurekodi pia, atauhitaji.
6. Mwache mwandishi na mkulima waongee bila wewe kusimama katikati. Mkulima akisema jambo baya kuhusu kifaa, liache.

Kuhusu nauli: msimamo wangu ni kutoa usafiri wa pamoja na chakula cha mchana, kwa wote sawa, kikiwa kimetajwa kwenye mwaliko. Bahasha sitoi. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinamkataza mwandishi kupokea rushwa, na kinachokatazwa kwa mpokeaji hakiwezi kuwa safi kwa mtoaji. Kuna sababu ya kikazi pia: uliyemlipa leo atakusubiri umlipe kesho, na siku mfumo wa mteja utakapoanguka hutakuwa na mtu wa kukusikiliza kwa haki.

Hatua ya 8: Mwandae msemaji

Kaa naye saa moja. Muulize maswali matano magumu: Kifaa kikikosea nani analipa hasara? Kwa nini bei ni hiyo? Data za mkulima zinakwenda wapi? Kilitengenezwa hapa au kiliagizwa China kikabandikwa nembo? Faida mnaipata? Majibu yawe mafupi na ya kweli. Kama saketi zimeagizwa na kazi ya Uyole ni kuunganisha na kuandika programu, aseme hivyo.

Redioni azungumze Kiswahili kisichochanganywa. Vijana wetu wa teknolojia wakizidiwa hukimbilia Kiingereza, na msikilizaji wa Ilembula anabadilisha stesheni. Kwenye kipindi cha moja kwa moja watu watapiga simu, na wa kwanza ataulizia bei. Aitaje.

Hatua ya 9: Ikishatoka

Mshukuru mwandishi siku hiyohiyo. Mpelekee mkulima nakala ya gazeti au umrekodie kipindi. Ni wachache wanaokumbuka kufanya hivyo, na ndiyo sababu wakulima wengine hukataa mara ya pili. Hifadhi nakala zote kwa tarehe.

Mteja akitaka ripoti, mpe simu na ujumbe alioupokea wiki hiyo ukilinganisha na wiki iliyotangulia, na waliosema walisikia wapi. Usipige hesabu ya "nafasi hii ingekuwa tangazo ingegharimu milioni kadhaa". Wanataaluma wa uhusiano waliukataa upimaji huo kwenye Kanuni za Barcelona za 2010, kwa sababu bei ya nafasi haisemi kama kuna mtu aliyeamini au kununua.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

"Ya kwanza Tanzania." Usiandike, isipokuwa kama umetafuta ukathibitisha. Mwandishi akimpata wa pili, habari inageuka kuwa ya uongo wako.

Kuomba kusoma habari kabla haijatoka. Unaweza kuomba kuhakiki namba na majina, basi.

Kumuahidi mwandishi mmoja kwamba habari ni yake peke yake, kisha kuituma kwa mwingine. Mbeya ni mji mdogo kwa jambo hilo.

Kumleta mkulima asiyekitumia kifaa ili apigwe picha. Hili silisamehi. Majirani zake wataisoma habari, na hawatanunua kitu kwa mteja huyo tena.

Mambo yakikwama

*Wamekuja, wameandika, habari haijatoka.* Subiri siku tatu, kisha muulize mwandishi kama dawati la habari linahitaji kitu cha nyongeza. Mara nyingi kinachokosekana ni kauli ya mtu wa nje ya kampuni. Mtafutie mtafiti wa TARI Uyole (taasisi ya utafiti wa kilimo) au afisa kilimo wa wilaya anayelijua jambo, na umwache aseme analoliona yeye.

*Imetoka na kosa.* Kosa la namba au jina: mpigie mwandishi kwa upole, umpe sahihisho kwa maandishi. Kosa la mtazamo, kwamba hakukisifu kifaa vya kutosha, si kosa.

*Mwandishi anaomba bahasha waziwazi.* Mwambie kwamba hamtoi, na kwamba usafiri upo kama ulivyotajwa. Usimgombeze mbele ya wenzake. Akiondoka, endelea na waliobaki.

*Mfumo wa mteja umeanguka na wakulima wanalalamika redioni.* Piga simu kituoni kabla hawajakutafuta. Msemaji aseme kilichotokea, nani ameathirika, lini kitatengemaa na nani wa kupigiwa. Kama hajui bado, aseme atarudi saa ngapi na jibu, na saa hiyo ikifika arudi hewani hata kama jibu halijakamilika.

*Hakuna mwandishi aliyekubali.* Rudi Hatua ya 1. Zungumza na watumiaji wengine watano. Kama baada ya hao watano bado huna mtu ambaye msimu wake umebadilika, mwambie mteja kwamba kifaa hakijawa na habari, na umpe majina ya wakulima hao ili mafundi wake wakawasikilize.